Nani Alisema Ndiyo?

Kazi yangu ni kutengeneza matangazo. Nimeifanya hapa Arusha tangu mwaka 1994, nilipoingia kujifunza kazi katika kiwanda kidogo cha uchapaji karibu na Barabara ya Sokoine, na naifanya mpaka leo, ijapokuwa wino umenitoka vidoleni na sasa nashinda mbele ya kioo cha kompyuta. Nimetengeneza kadi za arusi, kalenda za maduka ya vipuri, mabango ya mikutano ya Injili, na zaidi ya yote vipeperushi vya kampuni za utalii, maana mji huu unakula kwa utalii. Kwa hiyo ninaposema kwamba namna tunavyokagua na kuidhinisha matangazo siku hizi ni ugonjwa, nasema kama mtu aliyeugua, wala si kama mpita njia.

Ndugu msomaji, nitakueleza kwanza ugonjwa wenyewe, kisha tusemezane.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 kampuni moja ya hapa mjini, ambayo sitaitaja, iliniletea kazi ya kipeperushi cha kurasa 4, pamoja na matangazo yale yale ya kuwekwa mtandaoni. Ilitakiwa yote yawe tayari kabla ya maonyesho ya utalii ya mwezi Juni, yale ya Karibu-KiliFair, ambako mawakala kutoka nje huja kuona nani anauza nini. Mimi na kijana wangu wa kazi tulimaliza sampuli ya kwanza kwa siku 6. Idhini ilichukua wiki 11.

Tuliundiwa kundi la WhatsApp. Ndani yake walikuwamo watu 12: mkurugenzi, mke wa mkurugenzi, mhasibu, dada wa mapokezi, mshirika mmoja aliyeko Ujerumani, shemeji wa huyo mshirika ambaye inasemekana aliwahi kusomea sanaa, na wengine ambao mpaka leo sijui walikuwa akina nani. Siku ya kwanza mmoja akasema rangi ya kijani imekolea mno. Wa pili akasema haijakolea. Wa tatu akatuma dole gumba. Wa nne akauliza kama tembo anaweza kugeuzwa atazame upande wa pili. Siku ya nne yule wa kwanza akarudi kusema kumbe kijani ilikuwa sawa, yeye alikuwa ameitazama akiwa juani.

Hapa inafaa nieleze jambo moja la kazi yetu. Rangi unazoziona kwenye simu ni za mwanga: nyekundu, kijani na buluu, zimechanganywa na kioo. Rangi za karatasi ni za wino wa aina 4 uliopigwa juu ya weupe. Hazitalingana hata siku moja, na kila simu ina kioo chake. Tena WhatsApp huibana picha ili ipite upesi, ikamfikia mtazamaji ikiwa imepoteza nusu ya uzuri wake. Basi watu wale 12 walikuwa wakibishana juu ya vitu 12, kila mmoja akidhani wote wanatazama kimoja. Na mimi, aliyelipwa ili niyajue hayo, niliwaacha wabishane.

Kufikia Mei tulikuwa na mafaili 19. Moja liliitwa "ya mwisho", jingine "ya mwisho kabisa", jingine "ya mwisho kweli". Makubaliano yalikuwa nusu ya malipo mwanzoni, na nusu ya pili kazi ikiidhinishwa. Nusu ya kwanza iliisha mwezi wa kwanza. Kijana wangu alikuwa amepanga chumba Ngarenaro, na mkewe alikuwa amejifungua. Wiki ya nane akaja kunisalimia asubuhi akiwa amevaa kofia ya pikipiki. "Kaka," akaniambia, "abiria wa bodaboda akifika anapokwenda analipa. Haulizi shemeji yake." Sikuwa na jibu. Mkono ule, uliokuwa ukichora twiga kwa penseli mpaka unataka kumpa majani, leo unashika usukani wa pikipiki kati ya Kilombero na Sanawari. Simdharau mwenye bodaboda, ni kazi halali na inalisha watoto. Ninachosema ni kwamba mji wetu ulimpoteza mchoraji kwa sababu watu 12 hawakuweza kukubaliana juu ya kijani.

Wapo watakaoniambia: kukawia ni gharama ya uangalifu. Afadhali kuchelewa kuliko kukosea. Maneno mazuri hayo, nami ningeyakubali, lau kama uangalifu ungekuwapo. Sasa nisikilize.

Wiki ya kumi nilikwenda uani kwa kampuni ile nikiwa na karatasi mkononi, nikimngoja mkurugenzi. Dereva mmoja, mwongoza wageni wa miaka mingi, alikuwa akifunga matairi ya Land Cruiser. Akatupa jicho kwenye ukurasa wa mbele, penye tembo wakipita chini ya Kilimanjaro na maneno makubwa ya kuwakaribisha wageni Tanzania. Akacheka.

"Kaka, mmehamia Kenya?"

"Kwa nini?"

"Hao tembo wako Amboseli. Tazama mlima. Mawenzi iko kushoto kwa Kibo. Ukisimama kwetu, Moshi, Mawenzi iko kulia."

Nikautazama mlima ambao nimeutazama maisha yangu yote, nikaona kweli. Picha ilipigwa kutoka kaskazini, ng'ambo ya mpaka. Sisi ambao kila mwaka tunalalamika kwamba jirani zetu wanauza mlima wetu, tulikuwa tayari kwenda mbele ya mawakala wa dunia kuuza tembo wao. Watu 12 walikuwa wameitazama picha ile kwa wiki 10. Walikuwa wameshauri tembo ageuzwe. Hakuna aliyetazama mlima. Na dereva, mtu pekee katika kampuni nzima anayeijua nchi kwa macho na kwa magurudumu, hakuwamo katika kundi.

Usiku ule ule nikaitoa picha, nikaweka tembo wa Tarangire na mibuyu yao, nikaituma asubuhi bila kusema neno. Hakuna hata mmoja aliyegundua. Mmoja aliandika kwamba sasa kijani imekaa vizuri.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kule hakukuwa na ukaguzi. Kulikuwa na msongamano tu. Kukagua ni kuwa na jambo unalolitafuta, na kulijua ukilipata. Kusema lolote linalokupitia kichwani kwa sababu simu imelia mfukoni si kukagua.

Lakini la tembo ni la kuchekesha. Lililofuata halichekeshi.

Maonyesho yalipita. Vipeperushi 3,000 vikagawanywa, matangazo yakawekwa mtandaoni, nikalipwa nusu yangu. Mwezi Julai, asubuhi ya baridi ile ya Arusha ambapo Meru haionekani kwa ukungu, bibi mmoja aliingia ofisini kwangu akifuatana na mjukuu wake wa kike. Jina langu na mahali nilipo vilikuwa vimeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya kipeperushi, kama ilivyo desturi ya wachapaji. Ndivyo alivyonipata.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

Akaketi, akafungua kanga, akatoa kipeperushi, akakiweka mezani. Ukurasa wa tatu alikuwapo yeye mwenyewe, amebeba mkungu wa ndizi kando ya mfereji, mteremko wa Meru nyuma yake. Chini yake palikuwa na maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba hii ndiyo Afrika isiyoguswa na wakati.

"Mjukuu wangu aliyeko Dar es Salaam ndiye aliyeiona kwenye simu," akasema. "Baba, mimi nimefundisha shule ya msingi miaka 31. Nimefundisha hesabu. Wakati umenigusa sana."

Nikainamisha kichwa.

"Mgeni aliyepiga picha hii namkumbuka. Sikumkataza. Lakini kupiga ni kupiga, na kuuza ni kuuza. Sikuja kugombana. Nataka kujua jambo moja tu. Nani alisema ndiyo?"

Msomaji, nilichukua simu yangu nikaanza kutafuta. Nilidhani nitampata mtu huyo kwa dakika moja. Nilipanda juu, nikashuka chini, ujumbe mmoja baada ya mwingine, zaidi ya 400. Picha ile ilikuwa imeingia toleo la nne, imeletwa na kampuni. Walioitazama walisema isogezwe kidogo kulia. Mmoja alisema ni picha nzuri. Wapo waliotuma dole gumba. Lakini hapakuwa na ujumbe hata mmoja ambao mtu alisema: mimi nimeipitisha, nami nitaijibia. Nikakuta maneno yangu mwenyewe, ya tarehe 29 Mei: "Sawa, kama wote mmeridhika." Nami nilikuwa nimejificha humo humo.

Nikamwambia ukweli, kwamba tulikuwa wengi na hakuna aliyesema. Bibi akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyekosa hesabu rahisi. "Watu 12," akasema, "na hakuna hata mtu."

Nilimwomba radhi. Nikaandika kwa kampuni kwamba tangazo la mtandaoni liondolewe mara moja. Liliondolewa baada ya siku 9, maana kuliondoa nako kulihitaji idhini ya kundi.

Tangu siku ile nimelifikiri jambo hili, na ninakumbuka msimamizi wa kiwanda kile cha mwaka 1994. Alikuwa mtu mkali, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Mashine yake haikunguruma mpaka awe na prufu yenye sahihi. Mteja alikuja mwenyewe, akaketi kwenye kibao, akasoma kila neno kidole kikipita juu ya karatasi, akaandika "chapa", akatia sahihi na tarehe. Msimamizi alimweleza kila mmoja, tajiri kwa maskini: kosa lililomo humu baada ya sahihi ni lako, na karatasi utalipa wewe. Ungeona jinsi watu walivyosoma! Mwenye duka aliyekuja na haraka zake akasoma mara tatu. Hata wachora mabango wa mitaani walikuwa na utaratibu huo huo bila karatasi: mwenye duka alisimama chini ya ngazi, na brashi haikuanza herufi kubwa mpaka yeye aseme anza.

Sisemi kwamba zamani ilikuwa pepo. Prufu ilikuwa na makosa yake, na mteja wa Karatu au Babati alipoteza siku nzima barabarani ili aje kutia sahihi. Leo ninaweza kumpelekea mtu aliyeko Berlin kazi yangu kabla chai haijapoa, na hiyo ni neema. Ila tulipoichukua neema hiyo tuliiacha sahihi nyuma, tukaweka dole gumba mahali pake. Sahihi ina mwenyewe. Dole gumba ni la kila mtu, kwa hiyo si la mtu.

Najua jibu litakalokuja: sisi Waafrika ni watu wa kushauriana. Tunakaa, tunazungumza mpaka tunakubaliana. Kundi la simu ni kikao cha kisasa. La hasha. Nimekaa katika vikao vya wazee, na kila kikao nilichokaa kilikuwa na mwisho wake. Mtu aliinuka akasema tulichokubaliana, na kesho yake ukiuliza, aliyesema anajulikana. Kundi la simu halina mwisho, halina wa kuinuka, na aliyelala wakati wa mazungumzo huamka usiku wa manane akaanza upya.

Nasi wa mji huu tuna mifano ya kutufundisha. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, ikajadili na kupitisha andiko ambalo tarehe 5 Februari lilitangazwa kuwa Azimio la Arusha. Ulipende au usilipende Azimio lile, na wengi wana sababu zao, liliibadilisha nchi, na lilipitishwa kwa siku 4. Kipeperushi chenye tembo na mkungu wa ndizi kilihitaji wiki 11.

Tena panda juu kidogo, nenda Meru. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Watu wale walishauriana sana, wakachanga fedha, na wote walikuwa na la kusema. Lakini mwaka 1952 aliyesimama New York mbele ya Umoja wa Mataifa kwa niaba yao alikuwa Kirilo Japhet. Hawakupeleka kundi zima likaseme kila mtu lake. Walimpa mmoja neno lao, naye akalibeba kwa jina lake. Sitaki kulinganisha ardhi ya watu na karatasi ya matangazo. Nataka tu kuonyesha kwamba kushauriana kwa wengi na kujibu kwa mmoja si maadui.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Katika kisa changu hata nahodha mmoja hakuwapo. Walikuwapo abiria 12, kila mmoja akigusa usukani anapopita kwenda kuchungulia samaki.

Wapo pia wanaosema dawa ni programu. Zipo kweli, nami nimezitumia: kazi inawekwa mahali pamoja mtandaoni, wote wanatazama nakala moja, kila anayetoa maoni anayabandika mahali penyewe, matoleo yanajihesabu, na mwisho kuna kitufe cha kuidhinisha. Ni vyombo vizuri, vimeniokoa na mafaili ya mwisho kweli. Lakini nimeona watu 12 wakihamishwa kutoka WhatsApp kwenda kwenye programu ya namna hiyo, nao wakaendelea na kijani yao kwa utulivu zaidi. Programu itakuambia nani alibonyeza na saa ngapi. Haiwezi kukuambia nani yuko tayari kumkabili yule bibi.

Basi mimi nina masharti yangu siku hizi, na mteja asiyeyataka namwelekeza kwa mwingine, ijapokuwa njaa naijua.

Kwanza, ukweli ukaguliwe kabla ya uzuri, tena na wanaoujua. Dereva aangalie mahali, mhasibu aangalie bei, kila mmoja mara moja, katika lile analolijua, na asiulizwe lisilomhusu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi, na tembo wa Amboseli anayeuzwa kuwa wa Tanzania ni udanganyifu hata kama kijani yake imekaa vizuri. Na kama kuna sura ya mtu, mtu huyo aulizwe, aelezwe picha itatumika wapi na kwa maneno gani, na akilipwa alipwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, wiki chache kabla ya maonyesho yetu. Hatukuwa na udhuru. Lakini hata bila sheria, adabu ilikuwapo.

Pili, maoni yote yapite kwa mtu mmoja, ayapatanishe yeye, anipe orodha moja. Wakipingana juu ya kijani, wapingane kwao. Narekebisha mara mbili. Ya tatu inalipiwa.

Tatu, siku ya mwisho ya maoni iwepo, na aliyenyamaza mpaka siku hiyo awe amepoteza zamu yake. Ila nasisitiza: kunyamaza kwake kusihesabiwe kuwa ndiyo. Wako wanaotaka kuharakisha mambo kwa kusema kimya ni idhini. Mimi naogopa kanuni hiyo kuliko hata kundi la watu 12. Bibi yule naye alikuwa kimya mbele ya kamera.

Nne, mmoja atie sahihi. Jina, tarehe, na maneno machache: nimesoma, nimepitisha, nitajibu. Awe mkurugenzi, awe dada wa mapokezi aliyepewa madaraka hayo, kwangu ni sawa. Mteja mmoja aliniuliza mwaka jana, "Kwani huniamini?" Nikamwambia namwamini, ndiyo maana nataka jina lake. Alikaa nusu saa, akasoma, akakuta kosa la bei ambalo wote tulilipita, akalisahihisha, akatia sahihi. Kazi ilikwisha siku ile ile.

Bibi sijamwona tena. Kipeperushi chake nimekibandika ukutani juu ya kompyuta yangu, na sikukiweka kwa uzuri wake. Kila ninapotaka kuandika "sawa, kama wote mmeridhika", nainua macho nakutana na mwalimu wa hesabu mwenye mkungu wa ndizi begani, akingoja jibu.